Mzee Nuna na Masikio ya Anyitike

Betri ililipuka asubuhi, wakati umande ulikuwa bado haujakauka kwenye maturubai ya malori. Anyitike alikuwa ameinama juu yake, spana mkononi, akilegeza nati. Lori lilikuwa limekwama kwenye foleni ya kwenda mpakani, na dereva wake alikuwa amesimama pembeni akimhimiza, fundi fanya haraka, wenzangu wanasogea. Spana ikateleza, ikagusa mahali isipopaswa kugusa. Cheche ikaruka. Sisi tuliokuwa upande wa pili wa barabara pale Mpemba, karibu na Tunduma, tulisikia mlio kama wa tairi kubwa kupasuka, na tulipogeuka tulimwona Anyitike amepiga magoti chini, mikono usoni.

"Maji! Leteni maji!" alikuwa anapiga kelele Lwitiko, kijana aliyekuwa anajifunza ufundi kwake. Alinyakua dumu la maji ya rejeta akamwagia usoni, akanyakua jingine akamwagia tena. Daktari alisema baadaye kwamba yale maji ndiyo yaliyomwokolea Anyitike ngozi ya uso. Macho hayakuokoka. Tindikali ilikuwa imeshaingia.

Alirudi kutoka hospitali akiwa anaweza kujua tu kama ni mchana au usiku. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, fundi umeme wa magari ambaye madereva kutoka mbali walimuulizia kwa jina. Alikuwa na mke, Ferista, na binti yao Gwantwa aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule.

Ferista alikuwa anauza mitumba Tunduma mjini. Hakuwa na namna ya kukaa nyumbani, kwa hiyo alimwachia mume wake chai kwenye chupa, ugali kwenye hotipoti, redio mezani, na akaondoka kila asubuhi roho ikiwa juu. Wiki za mwanzo Anyitike alikaa kwenye kiti palepale alipoachwa. Kisha siku moja akataka kujipashia chakula, akaunguza kiganja kwenye jiko. Siku nyingine akatoka, hakumwambia mtu, akafuata ukuta, ukuta ukaisha, akaendelea. Alisimamishwa na mlio wa breki. Lori lililokuwa linashuka kutoka Vwawa lilisimama karibu naye kiasi kwamba alihisi joto la injini kwenye mashavu. Dereva alishuka akiwa anatetemeka kuliko yeye.

Tangu siku hiyo Ferista akawa anampeleka kila asubuhi kwa Tupokigwe, dada mdogo wa Anyitike, aliyekuwa na kibanda cha gemu karibu na stendi ya bajaji. Kilikuwa chumba kimoja cha mbao na bati, chenye runinga mbili, mabenchi, spika mbili kubwa alizozinunua kwa mtu wa baa iliyofungwa, na mashine za gemu zilizokuja za mtumba kupitia mpakani. Wachezaji walikuwa waendesha bajaji, wanafunzi wa chuo, matanboi, wale wasaidizi wa madereva wa malori, wanaosubiri foleni isogee. Tupokigwe alimpa kaka yake benchi la kona, nyuma kabisa.

Pale kona Anyitike alinyamaza. Hakusalimia, akisalimiwa aliitikia kwa pua. Ukimpelekea chai ilipoa. Tupokigwe alituambia kwamba wakati mwingine alisahau kama kuna mtu pale, akageuka na kushtuka kumwona.

Sasa, ndani ya yale magemu kulikuwa na jiwe.

Kila aliyewahi kucheza analijua. Ni jiwe kubwa la mraba, lina macho na meno, uso umekunjwa kama wa mtu aliyeamshwa usingizini. Linaning'inia juu, limetulia, linakutazama. Ukipita chini yake linaanguka na kukulalia. Kisha linapanda juu polepole, linarudi mahali pake, linanuna tena. Watu wa kibandani walilipa jina la Mzee Nuna. Ukicheza gemu la kuruka yumo ndani ya ngome, anasubiri. Ukibadilisha ukaweka la pili, yumo. Ukiweka la mashindano ya magari madogo utamkuta amejipanga barabarani na ndugu zake, wanapanda na kushuka, na gari lako linageuka chapati. Tupokigwe alileta gemu jipya mara kadhaa, na kila mara mtu wa kwanza kukutana na lile jiwe alipiga yowe: "Huyu mzee naye amehamia huku!"

Siku moja mvua zilipoanza, Anyitike akasema kutoka kona yake, "Tupo, huyo anayeguna ni nani?"

Tupokigwe alikuwa anamenya ndizi. Akaishusha ndizi, maana ilikuwa mara ya kwanza kaka yake kuuliza kitu tangu aanze kuletwa pale. "Anayeguna wapi, kaka?"

"Humo kwenye gemu. Anaguna, halafu kinaanguka kitu kizito, halafu kunakuwa na mlio kama wa kusaga."

Tupokigwe akamweleza. Akamweleza uso wa jiwe, macho yake, jinsi linavyosubiri. Anyitike akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo linaguna kabla ya kuanguka."

"Sijawahi kusikia."

"Linaguna."

Alasiri hiyo, mwendesha bajaji mmoja alikuwa kwenye ngome, anasogea chini ya jiwe, na sauti ikatoka nyuma, kali, "Rudi!" Yule mtu akashtuka, akarudi nyuma, na jiwe likaanguka mbele ya pua yake. Kibanda kizima kikageuka kutazama kona. Anyitike alikuwa amesogea ukingoni mwa benchi, kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama fundi anayesikiliza injini.

Hivyo ndivyo alivyoanza. Kwanza aliwaambia wengine wakati wa kurudi nyuma. Kisha akaomba padi mwenyewe. Tupokigwe alimkalisha kati ya spika mbili, moja kulia na nyingine kushoto, akamwekea vidole kwenye vitufe. Alikufa. Aliangukia mashimoni, alilaliwa na jiwe, aliwekewa tena, akafa tena. Watu waliona huruma mwanzoni, baadaye wakaona kero, kwa sababu alikuwa anakalia runinga moja muda mrefu. Tupokigwe akawaambia asiyetaka akacheze kwingine.

Taratibu akaanza kujua. Viatu vya yule mtu wa kwenye gemu vilikuwa na sauti moja vikikanyaga jiwe na sauti nyingine vikikanyaga daraja la mbao, na mbao zilimaanisha shimo liko mbele. Mlio uliotoka spika ya kulia ulimaanisha jiwe liko mbele yake, na ukihamia kushoto ameshalipita. Alijifunza kumchokoza Mzee Nuna: anasogea mpaka jiwe linaguna, anarudi, linaanguka, na wakati linajikokota kupanda anapita mbio chini yake. Alianza kunywa chai ikiwa ya moto. Jioni Ferista alipokuja kumchukua alimkuta tayari amekaa kona yake, fimbo mkononi, na hakumwambia kitu. Tupokigwe naye hakusema. Aliniambia alidhani kaka yake mwenyewe angependa kumwambia mke wake, siku akiwa tayari.

Habari zilivuka mpaka. Nakonde, upande wa Zambia, alikuwepo mtu aliyeitwa Sichone, mziba pancha, mkubwa wa mwili na mpole wa maneno, ambaye huko kwao hakuna aliyemweza kwenye ngome ya mawe. Alikuja Jumamosi moja baada ya Mwaka Mpya, akasimama mlangoni, akamtazama Anyitike akicheza mpaka alipokufa.

"Mulishani, ba Anyitike," alisalimia kwa Kibemba, kwa heshima. "Nilisema watu wananidanganya. Kesho nitakuja tucheze. Sikuonei huruma lakini."

"Ukinionea huruma sitacheza," alijibu Anyitike.

Jumamosi hiyohiyo jioni, nyumbani, Ferista alikuwa nje uani anaongea na simu. Alidhani mume wake amelala. Dirisha lilikuwa wazi.

"Nimechoka, shemeji Wiliam," Anyitike alimsikia akisema. Wiliam alikuwa kaka yao mkubwa, mkulima wa kahawa huko milimani Ileje. "Hasemi. Namwacha pale kwa wifi kama mzigo, namrudisha kama mzigo. Nikiwa sokoni simu ikilia nadhani amegongwa. Huko kwa mama atakuwa na watu... Ndiyo. Njoo kesho. Hapana, sijamwambia. Nikimwambia atakataa."

Anyitike alibaki amelala chali. Aliniambia kwamba siku ya betri aliogopa, lakini siku ile ya betri alikuwa hajui anaogopa nini. Jioni hii alijua. Alikuwa anaona wazi, kuliko alivyowahi kuona kitu kwa macho, kiti kwenye baraza ya mama yake Ileje, na yeye amekaa juu yake, na watoto wa ukoo wanaambiwa wampishe baba mdogo kipofu. Ferista aliingia, akamfunika blanketi, akamgusa bega. Anyitike akajifanya amelala.

Asubuhi walienda kanisani. Baada ya ibada Ferista akamwacha kwa Tupokigwe, akasema ana mgeni wa kumpokea. Anyitike akaitikia, "Haya," basi.

Kufikia saa nane mchana kibanda kilikuwa hakina pa kuweka mguu. Watu wa Nakonde walikuja na bajaji nne, wengine wa kwetu walikaa hata dirishani. Tupokigwe akapanda juu ya benchi.

"Jamani, sikilizeni. Mwenzenu anacheza kwa masikio. Zamu yake ikifika sitaki kusikia mtu anakohoa. Anayetaka kushangilia akashangilie barabarani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, dada."

Walikubaliana hivi: kila mmoja roho tatu, yaani akifa mara tatu basi, wanapokezana, na atakayefika mbali ndani ya ngome ndiye mshindi. Sichone akaanza. Alikuwa na mikono miepesi ajabu kwa mtu mwenye vidole vinene vile, lakini kwenye daraja la pili akaruka mapema, akaanguka. Anyitike akashika padi. Kimya kikashuka, mpaka tukawa tunasikia feni. Akapita jiwe la kwanza, la pili, akafika darajani, akavuka. Kisha mtu mmoja nje akapiga honi ya bajaji kumwita mwenzake. Anyitike akageuza kichwa kidogo tu, na Mzee Nuna akamlalia.

Watu wakaanza kumfokea mwenye bajaji. "Acheni," alisema Anyitike. "Zamu ya mgeni."

Roho ya pili Sichone alifika kwenye korido ya mwisho, ambapo mawe yamejipanga. Akapita moja baada ya jingine, watu wake wameuma vidole, mpaka lile la mlangoni. Lile lina hila. Linaanguka, linapanda nusu, na ukidhani sasa ni wakati wa kupita linaanguka tena. Sichone aliijua hila hiyo, lakini akachelewa kidogo kurudi nyuma, likamnasa mguu. Anyitike katika roho yake ya pili hakufika hata koridoni. Roho ya tatu ya Sichone ikaishia tena palepale mlangoni, na safari hii alitupa padi mapajani akasema neno la Kibemba ambalo watu wake walilicheka.

Ilibaki roho moja ya Anyitike. Ili ashinde ilibidi alipite lile jiwe la mlangoni. Hakuwahi kulipita hata siku moja.

Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea wakati tone la kwanza lilipogonga bati.

Wenye kuishi huku wanajua mvua ya Januari. Haianzi kwa kunong'ona. Matone machache mazito, kisha kama mtu amemwaga lori la kokoto juu ya paa. Hatukusikia tena feni, wala gemu, wala pumzi zetu wenyewe. Anyitike akasimamisha vidole. Uso ukamtoka jasho. Aligeuza kichwa kulia, akageuza kushoto, akitafuta mahali sauti ilipokwenda.

Wakati huohuo Ferista na Wiliam walifika. Walikuwa wamekimbia kutoka stendi, wamelowa, Ferista amejifunika kichwa kwa kitenge. Wiliam alikuwa amevaa suti yake ya kanisani na buti za mpira. Walisukuma watu mlangoni wakitaka kujikinga, na Ferista akaona mgongo wa mume wake mbele kabisa, katikati ya watu waliosimama kama msibani.

"Anafanya nini pale?" aliuliza. Ilibidi mtu amsemee sikioni. Nilimwona Ferista akitazama runinga, akimtazama mume wake, akitazama runinga tena.

Sichone alikuwa ameshainua mkono. "Simamisheni!" alipiga kelele kushinda mvua. "Hii si haki. Tusubiri mvua ipite!"

Wiliam naye, ambaye hakuelewa hata kinachochezwa, akasema kwa sauti yake ya shambani, "Mwacheni! Mnamchezea mtu asiyeona?"

Sijui Anyitike alisikia lipi kati ya hayo. Lakini hilo la pili nadhani lilimfikia, kwa sababu shingo ilikakamaa.

"Tupo!" aliita. "Spika! Niwekee hapa!"

Tupokigwe akaelewa kabla yetu sote. Akaburuta ile spika ya kulia, kubwa kama ndoo mbili zimepandana, akamwekea kaka yake kati ya magoti. Anyitike akaibana kwa mapaja, akaegemeza kifua juu yake, kidevu kikakaa kwenye mbao. Akafunga macho, ingawa hakukuwa na tofauti. Akaendelea.

Alituambia baadaye kwamba hakusikia chochote. Alihisi mbavuni. Mguno wa jiwe ulikuja kama paka anayekoroma ndani ya spika, na kishindo kikaja kama mtu kampiga ngumi kifuani. Lakini spika moja haikuweza kumwambia kulia wala kushoto. Alijua jiwe linapoanguka, hakujua lipo mbele au nyuma. Njia ilibidi aikumbuke.

Jiwe la kwanza. Akasogea, akasimama, akarudi. Kishindo. Akapita. Daraja. Hakuweza kusikia mbao, akaruka kwa kukisia, na yule mtu wa kwenye gemu akatua ukingoni kabisa, kisigino kikiwa hewani. Mwanamke mmoja nyuma yangu alinikamata mkono kwa kucha. Tulikuwa tunaweza kumwambia, si ndiyo? Tungeweza kupiga kelele, rudi, ruka, sasa. Asingesikia. Tulichokuwa tunaweza ni kutazama tu.

Akaingia koridoni. Akapita la kwanza la korido. Kwenye la pili alirudi nyuma mno, jiwe la nyuma likaguna pia, na kwenye runinga tukaona mawe mawili yanateremka, moja mbele yake moja nyuma, na yeye katikati kwenye nafasi ya kutosha mtu mmoja. Akatulia. Sijui alijuaje. Akatulia mpaka yote mawili yalipoanza kupanda, kisha akakimbia.

Mbele yake likabaki la mlangoni.

Ferista alikuwa amesogea. Alikuwa anapenya watu kwa mabega, kitenge kimemwanguka, mpaka akafika nyuma ya benchi. Hakumgusa. Alisimama, viganja vimebana mdomo.

Anyitike alisogea. Jiwe likakunja uso. Akarudi. Likaanguka, na tukaona mwili wake ukitikisika na kile kishindo. Jiwe likapanda nusu. Hapo ndipo Sichone alipofia mara mbili. Vidole vya Anyitike vilicheza juu ya vitufe bila kubonyeza. Mvua ilizidi. Likaanguka tena, lote, na Mzee Nuna akakaa pale chini anatazama huku na huku kama mtu aliyekosa. Likaanza kupanda.

Akabonyeza. Akapita chini yake, jiwe nusura limguse nywele.

Kibanda kililipuka. Watu waliruka, mabenchi yakatikisika, mtu akakanyaga waya, mwingine akapiga bati kwa ngumi. Na Anyitike, katikati ya yote hayo, bado alikuwa amebana spika na anabonyeza, anabonyeza, uso umemkauka. Ile mitikisiko yote aliihisi, hakujua ni ya nini. Alidhani amelaliwa na jiwe.

"Nimekufa?" alikuwa anauliza. "Tupo! Nimekufa?"

Hakuna aliyemsikia. Ferista akainama, akaweka mdomo sikioni mwake.

"Umepita, baba Gwantwa. Mlango umefunguka. Umepita."

Vidole vyake vikasimama. Alijua hiyo sauti ni ya nani, na hakuitegemea pale. Padi ikamtoka mikononi.

Sichone alikuja akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili na kuinama kidogo kama wafanyavyo watu wa kwao. "Natotela, ba Anyitike," alimshukuru. "Nitarudi. Hili jiwe siliachi."

Mvua ilipopungua, watu wakatawanyika. Walibaki ndugu. Mimi nilikuwa namsaidia Tupokigwe kurudisha spika mahali pake, na Wiliam, ambaye hakuwa mtu wa kupunguza sauti, alisimama mlangoni.

"Mdogo wangu, nimefurahi kukuona una nguvu," alisema. "Lakini huu ni mchezo. Mchezo haumlishi mtu. Gari la Ileje linaondoka kesho alfajiri. Mama anakusubiri."

"Najua, kaka. Nilisikia jana."

Ferista aligeuka. "Ulisikia nini?"

"Yote. Dirisha lilikuwa wazi." Anyitike hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mmepanga kunihamisha kama kabati, mama Gwantwa. Kabati huliulizi."

Nilidhani Ferista atalia. Hakulia. Alikaa kwenye benchi mbele yake, magoti yamegusana na ya mume wake.

"Ulikuwa umekaa kama kabati," alisema. "Tangu betri ilipolipuka. Nilikuwa naongea na ukuta. Gwantwa ananiuliza kwa nini baba amekasirika na yeye, nimwambie nini? Na huku, kumbe, kila siku unakuja kupigana na mawe, unacheka na watu. Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu nilikuwa nashindwa," alisema Anyitike. "Kila siku nilikuwa nashindwa. Nilitaka nije na habari ya kushinda."

"Ungekuja hata na hiyo ya kushindwa."

Wiliam akakohoa, akasema suala bado ni lilelile, nani atakuwa naye mchana, na ile barabara, na malori. Aliyasema kwa upendo, na yalikuwa kweli, na hakuna aliyeweza kuyapinga. Walibishana mpaka giza likaanza kuingia. Tupokigwe alisema kibanda chake kipo. Ferista alisema yeye ndiye aliyepiga simu na yeye ndiye anayeifuta. Anyitike alisema atakwenda Ileje kumwona mama wakati wa kuchuma kahawa, na atarudi. Wiliam hakuridhika. Alilala kwao usiku ule, akapanda gari alfajiri peke yake, na hakuwapigia simu mpaka Pasaka.

Mambo hayakunyooka siku moja. Wiki iliyofuata Lwitiko alikuja kibandani. Tangu ajali alikuwa anaogopa kuonana na mwalimu wake, akidhani anamlaumu kwa kuchelewa na maji. Alikuwa amebeba stata ya lori imefungwa kwenye gunia. "Bosi, hii imenishinda," alisema. Anyitike aliipapasa pale pale juu ya benchi la gemu, akaifungua, vidole vikakumbuka kila skrubu. Alichokosa ni rangi za waya tu, na hizo Lwitiko alimtajia. Baada ya wiki mbili alikuwa anakwenda gereji asubuhi na Lwitiko, kamshika bega, na kibandani mchana. Betri hazigusi. Ikiletwa betri husogea mbali kabisa mpaka iondolewe, na hakuna anayemcheka.

Sichone alirudi mwezi wa tatu, akamshinda vibaya. Alirudi tena mwezi wa tano, siku hiyo umeme haukuwepo, wakala chipsi wakaongea habari za malori. Zipo siku ambazo Anyitike bado ananyamaza kutwa nzima, na Ferista amejifunza kumwuliza, naye amejifunza kujibu, hata kama jibu ni kwamba leo hajisikii kuongea. Jumapili mchana huwakuta wote watatu kibandani. Gwantwa anacheza, baba yake amekaa nyuma yake ananyoosha sikio, na mara kwa mara anasema, rudi. Mtoto hamsikilizi.